Pankeki za wanga kidogo: kwa nini zinakatika, na kwa nini zile za ndizi zilipandisha sukari

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mume wangu ana kisukari cha aina ya pili, anatumia metformini na gliklazidi. Asubuhi hapendi kitu kingine kama anavyopenda pankeki. Tulipoambiwa apunguze wanga, nikaondoa unga wa ngano nikaweka wa lozi kwa kipimo kilekile. Zikakatika vipande kila nilipogeuza. Nikajaribu unga wa nazi, zikawa kavu hazimezeki. Mwishowe nikapata zile za ndizi mbili na mayai mawili tu, bila unga, nikammwagia vijiko viwili vya asali juu. Zilitoka vizuri na alifurahi, ila alipopima baada ya saa mbili sukari ilikuwa imetoka 7 ikafika 13 (milimoli kwa lita). Halafu zote zinanuka mayai. Nakosea wapi?

Jibu: Dada yangu, umenirahisishia kazi kwa kuleta vipimo, maana mtu akiniambia tu kwamba sukari ilipanda, nabaki kubahatisha. Nitaanza na zile za ndizi kwa kuwa ndizo zilizomgusa shemeji moja kwa moja, kisha tuingie jikoni. Mbele kidogo kuna jambo la dawa yake ya gliklazidi. Tafadhali usipike kabla hujalisoma.

Ndizi moja ya kati iliyoiva ina takriban gramu 27 za wanga, na sehemu kubwa ya wanga huo ni sukari tayari, kwa sababu kadiri ndizi inavyoiva ndivyo wanga wake mgumu unavyogeuka sukari. Mbili ni gramu 54. Kijiko kimoja cha chakula cha asali kina gramu 17 hivi, na wewe uliweka viwili. Sahani ile ilikuwa na karibu gramu 88 za wanga. Sasa tuzipigie hesabu pankeki za ngano za kawaida: kikombe cha unga chenye gramu 125 kina wanga gramu 95, kikombe cha maziwa huongeza 12, vijiko viwili vya chakula vya sukari huongeza 25. Jumla ni 132. Ukipata pankeki nane, kila moja ina gramu 16 na ushee, na mtu akila tatu amekula kama 50. Kwa hiyo hata bila asali, zile za ndizi zilikuwa sawa na za ngano. Na asali juu yake ziliipita mbali. Sukari kufika 13 hapo haishangazi hata kidogo.

Mkanganyiko huu nakutana nao mara nyingi sana, na haumhusu mpishi peke yake, unatokana na jinsi mapishi haya yanavyotangazwa. Chakula kisicho na unga, au kisicho na gluteni (protini ya ngano), kinaweza kuwa kimejaa wanga. Unga wa oti una wanga gramu 66 hivi katika kila gramu 100, wa mchele unafika 80, na wa muhogo haupishani nao sana. Hizo ni nafaka na mizizi zinazomfaa mtu ambaye tumbo lake halivumilii gluteni. Mwenye kisukari tatizo lake ni jingine.

Tena asubuhi ndiyo wakati mgumu kuliko wote. Alfajiri mwili hutoa homoni kama kotisoli na homoni ya ukuaji, nazo huliambia ini limwage glukosi kwenye damu ili mtu aamke na nguvu. Asiye na kisukari haoni tofauti, kwa sababu insulini yake inafidia. Mwenye kisukari cha aina ya pili mara nyingi huamka sukari ikiwa juu na mwili wake ukiwa mzito kuitikia insulini, kwa hiyo chakula kilekile ambacho mchana kingempandisha kidogo, asubuhi humpandisha zaidi. Ndiyo maana naona juhudi zako za kubadilisha kifungua kinywa ni za maana sana. Ukipaweza hapo, siku nzima inakuwa nyepesi.

Sasa tuje kwenye kukatika.

Pankeki ya ngano inashikwa na vitu viwili. Cha kwanza ni gluteni, utando wa protini unaovutika ambao hunasa viputo vya hewa visitoroke. Cha pili ni wanga wenyewe: joto likipita nyuzi 60, chembe za wanga hunywa maji, huvimba na kugeuka ute mzito unaoshikana. Unga wa lozi hauna gluteni, wanga wake ni kidogo, na nusu ya uzito wake ni mafuta. Ulipoutia mahali pa ngano kwa kipimo kilekile, uliondoa nguzo zote mbili kwa mpigo, na hukuongeza kitu cha kuzirithi. Kitu pekee kilichobaki kuishikilia pankeki ni yai. Ute mweupe wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi, kiini baada ya hapo, kati ya 65 na 70. Kabla yai halijaganda hadi katikati, ulichonacho kwenye kikaango ni rojo tu, na rojo haligeuzwi.

Shika hilo moja: hapa unapika yai lililobeba unga. Yai linataka moto wa wastani, muda, na kipande kidogo kinachoweza kuiva hadi ndani kabla ya nje kuungua. Mambo mengine yote nitakayokueleza yanatoka humo.

Kipimo ninachokipenda mimi ni hiki, kinatosha watu wawili. Unga wa lozi gramu 100, ambao ni kama kikombe kimoja kisichoshindiliwa. Mayai mawili makubwa. Maziwa ya lozi yasiyo na sukari, au maji tu, mililita 60. Siagi iliyoyeyuka kijiko kimoja cha chakula. Beking pauda kijiko kimoja cha chai. Chumvi kidogo, vanila nusu kijiko cha chai. Utapata pankeki sita za upana wa sentimita 9 hivi. Kwa unga wa lozi, chagua uliosagwa laini kutoka lozi zilizomenywa maganda. Ule wenye vipande vya ganda la kahawia ni mzito na hutoa pankeki zinazomeguka. Ukisaga mwenyewe kwa blenda, bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia. Ukiiacha izunguke mfululizo, lozi hutoa mafuta na kugeuka siagi ya lozi mbele ya macho yako.

Ukiwa na mizani ya jikoni, tumia. Kikombe cha unga wa lozi kilichoshindiliwa na kisichoshindiliwa vinapishana vya kutosha kukuharibia pankeki.

Chekecha unga, beking pauda na chumvi pamoja kwenye bakuli, maana unga wa lozi una mabonge yasiyovunjika kwa mwiko. Kwenye bakuli jingine piga mayai na maziwa, siagi na vanila mpaka usione tena nyuzi za ute mweupe. Changanya. Huku kwenye ngano huwa tunaonywa tusikoroge sana ili gluteni isikaze; hapa hakuna gluteni, koroga utakavyo mpaka rojo liwe laini. Kisha liache dakika tano hadi kumi. Huo muda si wa kupumzika mpishi, ni wa unga kunywa maji. Ulipoanza rojo lilikuwa jepesi, baada ya hapo utaliona limekaza, linadondoka kijikoni kwa uzito na kukaa lilipoangukia kwa sekunde mbili tatu kabla ya kutanda. Likitanda papo hapo kama maji, ongeza kijiko kimoja cha unga. Likikataa kutanda kabisa, ongeza kijiko cha maji.

Kikaango kiwe kile kisichoshika, au cha chuma kilichokwisha kuzoea mafuta. Moto wa chini kuelekea wastani. Wapishi wa pankeki za ngano hudondosha tone la maji na kungoja likimbie-kimbie kwenye kikaango. Kwako wewe tone likikimbia namna hiyo moto umezidi. Unataka tone lichemke kwa mlio mdogo pale pale na kukauka. Paka mafuta kidogo. Siagi peke yake huungua mapema kwa sababu ya chembe za maziwa zilizomo, kwa hiyo tumia samli au mafuta mengine. Chota vijiko viwili vya chakula vya rojo kwa kila pankeki, uzipe nafasi, kisha funika.

Kifuniko ndicho kinachowashinda wengi kukiamini. Mvuke unaonaswa chini yake huivisha uso wa juu polepole wakati chini inapata rangi, kwa hiyo unapogeuza, yai limeshaganda karibu kote. Acha dakika tatu hadi nne bila kugusa. Usingoje vile vitundu vinavyopasuka juu kama kwenye pankeki za ngano, hapa hutaviona vingi, na ukivingoja chini itaungua, kwani unga wa lozi hupata rangi haraka. Tazama ukingo. Mwanzoni uso wote unang'aa kwa unyevu. Kisha pembeni mng'ao hupotea, ukingo unakuwa mkavu, na ukavu huo unasogea kuelekea katikati. Ukifika zaidi ya nusu ya njia, pitisha kijiko bapa chembamba chini yake. Ikinyanyuka nzima bila kulegea katikati, geuza kwa mkono wa chini, karibu na kikaango, usiirushe. Ikilegea, irudishe, funika, ngoja nusu dakika nyingine. Upande wa pili hauhitaji zaidi ya dakika moja na nusu. Ukizitoa, ziache zitulie dakika mbili kabla ya kula. Yai linaendelea kukaza kwa joto lililobaki, na pankeki iliyoonekana dhaifu kikaangoni inakuwa imara kwenye sahani.

Na usizifanye kubwa. Sentimita 9 au 10 ndiyo mwisho. Pankeki ya ngano ya ukubwa wa sahani inageuzika kwa sababu ya ule utando wa gluteni. Ya lozi ya ukubwa huo itakatika hata mikononi mwa mpishi hodari.

Kwa gramu: unga ule una wanga unaofyonzwa (yaani ukishatoa nyuzinyuzi) kama gramu 10, mayai yote mawili kama gramu 1, beking pauda nayo kama gramu 1 kwa sababu huchanganywa na wanga kiwandani. Ni 12 kwa pankeki zote sita. Shemeji akila tatu, amekula gramu 6 badala ya zile 50 za ngano. Atapata pia protini gramu 16 hivi, ambayo itamkalia tumboni hadi mchana. Ila usiseme ni chakula chepesi: pankeki tatu hizo zina takriban kalori 420, kwa sababu ya mafuta ya lozi na siagi. Akiwa anajaribu kupunguza uzito, tatu zinatosha.

Unga wa nazi ni habari nyingine kabisa. Una nyuzinyuzi nyingi mno, gramu 38 au zaidi katika kila 100, na nyuzinyuzi hizo hunywa maji kama sifongo. Ukiupima kama ngano lazima upate kitu kikavu, hata mpishi awe nani. Gramu 30, yaani robo kikombe tu, inatosha mayai matatu hadi manne, mililita 60 hadi 80 za maziwa, kijiko cha siagi na nusu kijiko cha chai cha beking pauda. Utakapoona bakuli lina kimiminika kitupu utadhani umekosea. Ngoja dakika tano, litakaza. Hapo baadaye likikaza kupita kiasi, kwa sababu unga huu unaendelea kunywa hata wakati unakaanga za kwanza, ongeza kijiko cha maji. Binafsi unga wa nazi nautumia pale lozi zinapokatazwa, au kwa kuchanganya: gramu 75 za lozi na 10 za nazi kwenye kipimo kile cha juu. Mchanganyiko huo hutoa pankeki laini isiyo na mafuta mengi mdomoni, na nadhani ndiyo itakayompendeza mtu aliyezoea ngano.

Kuna na njia ya tatu isiyo na unga wowote: gramu 60 za jibini laini ya krimu iliyokwisha kupoteza baridi ya friji, mayai mawili, sagia pamoja kwenye blenda, acha povu litulie. Zinatoka nyembamba, za kukunja, na wanga wake wote haufiki gramu 5. Ni rahisi, ni za haraka, lakini hazina ule unene wa pankeki.

Ikiwa hata baada ya kufuata hayo zinaendelea kukatika, ongeza kijiko kimoja cha chai cha maganda ya mbegu za psiliamu yaliyosagwa, au kijiko cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa, pamoja na vijiko viwili vya maji. Vyote viwili vikilowa hutoa ute unaonata, nao unafanya sehemu ya kazi ya gluteni. Karibu wanga wote wa mbegu za kitani ni nyuzinyuzi, kwa hiyo hesabu haibadiliki. Usizidishe psiliamu tu, maana pankeki itakuwa ya kutafuna kama mpira, na shemeji anywe maji ya kutosha baada yake.

Harufu ya mayai ina sababu tatu. Mayai kuwa mengi kuliko unga. Hilo kwa unga wa nazi haliepukiki sana, kwa lozi linaepukika. Moto mkali, kwa kuwa yai likipikwa kupita kiasi hutoa gesi yenye salfa, ileile unayoisikia kwenye yai lililochemshwa muda mrefu. Na kukosa kitu cha kuifunika: ngano ikikaangwa hutoa harufu yake nzuri inayoficha yai, lozi inajitahidi ila haifiki huko. Punguza moto, usisahau chumvi, tia vanila, mdalasini kidogo na ganda la limau lililokwanguliwa. Ganda la limau, nakuhakikishia, linafanya kazi kubwa kuliko vanila. Ukitaka kwenda mbali zaidi, tenga ute mweupe, uupige peke yake mpaka usimame, kisha uuingize polepole kwenye rojo mwishoni. Pankeki itavimba na yai litakuwa limetawanywa kwa viputo, halisikiki kama mwanzo. Ni kazi ya ziada ya dakika tano na chombo kimoja zaidi cha kuosha. Kwa Jumamosi inafaa.

Kuhusu utamu. Pankeki yenyewe haihitaji, kwa maoni yangu, ukiwa na kitu kitamu juu. Ukitaka, erithritoli, kitamu mbadala wa sukari, kijiko kimoja cha chakula inatosha. Utamu wake ni kama asilimia 70 ya sukari, na haipandishi glukosi. Ina ubaridi fulani ulimini ambao wengine hawaupendi, na haitoi rangi ya kahawia kama sukari, kwa hiyo usishangae pankeki kuwa nyeupe kidogo. Matone ya stevia nayo yanafaa, machache, yakizidi ni machungu. Jihadhari na maltitoli, ambayo imejaa kwenye sharubati na peremende zilizoandikwa "bila sukari": yenyewe hupandisha glukosi, japo si kama sukari, na huendesha tumbo. Kama nyumbani kuna mbwa, zailitoli, kitamu kingine cha aina hiyo, isikae mezani kabisa, kwao ni sumu hata kwa kiasi kidogo. Na ujue kwamba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu visivyo sukari kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri ule haukuwalenga waliokwisha kuwa na kisukari, wala haukugusa vitamu vya kundi la erithritoli, lakini mimi nauchukulia kwa uzito: punguza utamu wenyewe taratibu, ulimi huzoea ndani ya wiki chache.

Juu ya pankeki ndipo kazi yote inapoweza kuharibika. Kijiko kimoja cha asali, gramu 17, kina wanga karibu mara tatu ya pankeki tatu zilizo chini yake. Weka stroberi zilizokatwakatwa: gramu 100 zina kama gramu 6 tu za wanga unaofyonzwa. Ziweke kwenye sufuria ndogo na kijiko cha maji na limau kidogo, zichemke dakika tano, ziponde kwa uma. Utapata mchuzi mwekundu mzito unaotosha watu wawili. Mtindi mzito usio na sukari chini yake, lozi zilizokaangwa na kukatwakatwa juu. Au achana na utamu kabisa, uzile na yai, jibini na parachichi.

Neno moja kuhusu kusoma vifurushi, kwa sababu linawaponza hata watu makini. Marekani na Kanada, namba ya wanga kwenye kifurushi imejumlisha nyuzinyuzi, kwa hiyo unazitoa ili upate unaofyonzwa. Nchi za Umoja wa Ulaya, namba hiyo tayari haina nyuzinyuzi, zimeandikwa mstari wake. Ukitoa tena, umetoa mara mbili, na utajidanganya kwamba unga wako hauna wanga kabisa. Dalili ya haraka: gramu 100 za unga wa lozi zikionyesha wanga 20 hivi, nyuzinyuzi zimo, zikionyesha chini ya 10, zimeshatolewa. Unga wa nazi hubadilika sana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, huo usome kila unapobadilisha kifurushi.

Akiwepo mgeni asiyeweza kula njugu au lozi, unga wa mbegu za alizeti unachukua nafasi ya lozi gramu kwa gramu. Pankeki zikipoa huenda ukaona ndani zimegeuka kijani. Hazijaharibika. Ndani ya alizeti kuna asidi inayobadilika rangi ikikutana na magadi au beking pauda. Kijiko cha limau kwenye rojo huizuia.

Zikibaki, zinakaa friji siku tatu, au friza mwezi mmoja hadi miwili zikitenganishwa na karatasi ya kuokea. Zipashe kwenye kikaango kikavu au tosta. Rojo bichi usilitunze. Beking pauda ikishalowa huanza kutoa gesi yake, kesho haitainua kitu. Afadhali uchanganye vitu vikavu vya mara kadhaa na kuvifungia kwenye mitungi.

Sasa gliklazidi. Dawa hii huisukuma kongosho itoe insulini, na haiulizi kama umekula wanga au hukula. Metformini peke yake ni nadra sana kumshusha mtu, gliklazidi inaweza. Shemeji amezoea kuimeza na kifungua kinywa chenye wanga gramu 50 au zaidi. Siku utakayomwekea gramu 6 na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka mno kabla ya saa sita mchana: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu, kuchanganyikiwa. Kwa hiyo mpigie daktari wake kwanza, mwambie wazi kwamba kifungua kinywa kinatoka wanga mwingi kwenda kidogo, umuulize dozi ya asubuhi ifanyweje. Msipunguze wala kuacha dawa kwa kujiamulia. Kwa wasomaji wengine, onyo ni lilelile kwa wanaojidunga insulini. Na wanaotumia dawa za kundi la dapaglifozini au empaglifozini wasijiingize kwenye mlo wa wanga kidogo mno bila daktari, kwa sababu inaweza kuleta asidi ya ketoni kwenye damu hata wakati sukari haijapanda sana. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize kwanza kuhusu kiasi cha protini.

Ikishuka chini ya 3.9 kwenye kipimo, apewe wanga wa haraka gramu 15: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi yenye sukari. Apime tena baada ya dakika 15, arudie kama bado. Pankeki ya lozi haimsaidii wakati huo, wanga wake ni kidogo na mafuta yake huchelewesha hata huo kidogo. Akizirai au asipoweza kumeza, usimtie kitu mdomoni, ita msaada wa dharura.

Daktari akisharidhia, pika kipimo kile cha kwanza asubuhi moja ambayo hamna haraka. Apime kabla ya kula, saa mbili baada ya tonge la kwanza, na tena saa ya tatu, kwa sababu chakula chenye mafuta na protini hupandisha polepole na kilele chake huchelewa. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari lengo baada ya kula ni kutovuka 10, ila fuata lengo alilopewa yeye. Andika namba zote tatu, andika na alichoweka juu ya pankeki. Siku nyingine rudia vilevile, ubadilishe unga tu, au mchuzi tu, usibadilishe vyote kwa pamoja, vinginevyo hutajua kipi kilichompandisha. Ukishapata namba hizo niandikie tena, na uniambie pia rojo lilikuwa zito kiasi gani lilipodondoka kijikoni.